Sauti ya Pili ya Rahel

Mwalimu Hilary wa Rhotia alikuwa na kompyuta tangu enzi zile ambazo ukitaka kuona kompyuta Karatu ulikwenda benki au kwa padre, na jambo hilo hakuchoka kulisema. Ukimtembelea, kabla chai haijapoa ulikuwa umeshaonyeshwa: ile pale pembeni mwa sebule, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kioo chake kina mgongo mnene mpaka watoto wa siku hizi wanaidhani televisheni. Mwalimu aliwasahihisha kwa ukali, kisha akawapa historia yake yote mpaka wakajuta kuuliza.

Historia yenyewe haikuwa ndefu, yeye ndiye aliyeirefusha. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kwaya ya parokia aliishika tangu akiwa kijana asiye na mke. Noti alifundishwa na katekista mmoja mkali aliyeamini kwamba mtu asiyejua kutofautisha fa na mi hana budi kutazamwa kwa makini hata kwenye mambo mengine. Baadaye sana, padre wa Kijerumani aliyekuwa anarudi kwao kwa sababu ya uzee akaiacha kompyuta yake parokiani, na ndani yake programu ya kuandikia muziki. Unaweka noti, mashine inapiga. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja peke yake au zote kwa pamoja. Kwaya nzima ndani ya sanduku, na haichelewi mazoezi, na haigombanii sare! Hilary aliipenda mashine ile kupita kiasi, na parokia iliponunua nyingine, wakaona ni afadhali wampe kuliko kumwona akija ofisini kuisalimia.

Mkewe, Rahel, alimpata Mbulu kwenye mashindano ya kwaya. Kwaya ya kina Rahel ilishika mkia siku ile. Hilary alirudi Rhotia na kikombe cha ushindi mapajani, lakini hakuwa na habari nacho, anamuwaza binti mmoja wa sauti ya pili. Kwa asiyejua mambo ya kwaya, sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, ndiyo unayoondoka nayo kanisani ukiipiga mluzi njiani. Ya tatu na ya nne ni za wanaume, na wanaume hata wakikosea wanakosea kwa kishindo. Ya pili haina anayeisifu. Ipo tu katikati, inashikilia wengine, na hujui kama ipo mpaka siku ikikosekana. Hiyo ndiyo aliyoimba Rahel maisha yake yote, Mbulu akiwa msichana na Rhotia akiwa mke wa mtu.

Kompyuta alijifunza kwa kumtazama mumewe, na haikupita muda akawa mwepesi kuliko yeye. Jioni walikaa wote wawili mbele ya kioo, Hilary akitamka noti, Rahel akigonga. Mashine ilipokuwa inawaka ilionyesha kwanza kilima cha kijani na mbingu ya bluu yenye mawingu, picha ambayo dunia nzima iliijua wakati ule. Rahel alishikilia kwamba pale ni Rhotia mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, na kwamba aliyepiga picha alisubiri ng'ombe wapite kwanza. Hilary alimwambia ni Amerika huko. Rahel akamuuliza Amerika ameiona lini.

Wimbo wake mwenyewe Rahel alitunga mmoja tu. Ulikuwa wa Kiiraqw, unaitwa /Ameni, yaani mwanamke. Ule mkwaju wa mbele si kosa la uchapaji. Kuna sauti ambayo Wairaqw wanaitoa chini kabisa kooni na a, b, ch zetu hazina herufi yake, kwa hiyo walioiweka lugha kwenye maandishi wakaamua pale pakae mkwaju. Wenyeji wanausoma bila taabu. Mgeni hajui aufanye nini, anauruka, na jina linatoka limevaa nguo za watu wengine. Wimbo ulimwimbia binti anayetoka kwao kwenda kujenga kwa watu, na kwaya iliuimba kwenye harusi kadhaa za Rhotia, na kina mama wengine walilia nao vizuri sana.

Kisha Rahel akaugua figo, na safari za hospitali zikawa nyingi kuliko za shamba, na mwisho akafariki. Kwenye misa ya kumbukumbu yake kwaya ilijaribu kuuimba wimbo ule. Ulianza vizuri, ukafika katikati, ukalegea, ukaanguka. Hapakuwa na mtu wa kushika sauti ya pili, maana miaka yote aliishika Rahel na waliosimama karibu naye walimfuata tu. Karatasi za noti zilikuwa kabatini sakristia, na mchwa walikuwa wameshazimaliza. Tangu siku ile hakuna aliyeutaja tena wimbo huo mbele ya Mwalimu.

Mpaka Doreen alipopata mchumba.

Doreen ndiye mtoto wao pekee, anakaa mapokezi kwenye lodge moja huko juu ukingoni mwa Kreta, lile bonde la wanyama linalofuatwa na watalii, anawakaribisha wazungu kwa Kiingereza ambacho baba yake hujisifia kana kwamba alikifundisha yeye. Mchumba alikuwa kijana mtulivu wa kijiji cha Daudi, upande wa Mbulu, mahari ikazungumzwa, tarehe ikapangwa baada ya kuvuna maharage. Siku waliyokaa kupanga mambo ya kanisani, Doreen hakudai gari la mapambo wala keki ya ghorofa. Alisema anaomba kitu kimoja tu, akiwa anatoka kanisani aimbiwe wimbo wa mama.

"Utaimbiwa," Hilary akamjibu hapohapo, bila hata kumeza mate.

Kwa nini ameze mate? Wimbo si upo pale pembeni mwa sebule? Wageni walipoondoka akakitoa kitambaa, akakikunja vizuri kwa sababu Rahel ndiye aliyekifuma, akabonyeza. Mashine haikuwa imewashwa tangu msiba. Ilikohoa, ikanyamaza, kisha pakatoka harufu ya kitu kinachoungua, na Hilary akachomoa waya ukutani. Alikaa pale sakafuni na kitambaa mapajani. Ahadi alikuwa ameshaitoa, na aliyemwahidi alikuwa ni mtoto ambaye katika maisha yake hajawahi kumsumbua kwa lolote.

Kwanza akajaribu njia ya kiburi. Alijiambia yeye ni mwalimu wa muziki, sauti ya kwanza anaikumbuka, basi ya pili ataitunga. Akaitunga, kwa sheria zote za yule katekista, akawapelekea kina mama mazoezini. Waliiimba mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Halafu Martha, mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mnene asiyejua kuzunguka maneno, akasema walichokuwa wanafikiri wote.

"Mwalimu, ni sahihi. Lakini siyo yenyewe."

Hilary alikasirika, akasema mazoezi yameisha, akatoka. Alipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha na amebaki na ukweli. Kesho yake akalifunga lile sanduku kwa kamba za manila nyuma ya bodaboda, akapanda kwa kulikumbatia, akateremka nalo Karatu mjini kwa fundi Modest.

Modest alikuwa na kibanda pembeni mwa barabara kuu, hapo yanapopita magari ya watalii kwenda kwenye geti la hifadhi. Ni mtu wa Singida. Baba yake aliletwa na vibarua vya kahawa, akabaki. Aliwafahamu wateja wake kwa magonjwa ya simu zao. Alilifungua sanduku, akapuliza vumbi, akatoa mjusi mkavu, akatikisa kichwa kwa heshima zote kama daktari anayewaangalia ndugu wa mgonjwa. Mashine imekufa, akasema, lakini diski ni nzima. Akaichomoa, akaiunganisha na laptop yake mpya, na baada ya muda kila kitu cha Mwalimu kikawa kimehamia humo: nyimbo zote, na programu yenyewe. Hilary alitaka kumshika mkono. Modest akabofya programu ifunguke.

Haikufunguka. Kioo kilitoa kisanduku cha maneno kinachosema, kwa lugha ya adabu, kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Modest akaeleza kwamba ni ya zamani mno, ilitengenezwa kwa ajili ya mashine za kizazi kingine, na hizi mpya hata zikitaka kuisikiliza hazielewi inachosema. Akajaribu kuzifungua nyimbo kwa programu nyingine, zikatoka visanduku vitupu na alama za kuuliza. Akasema kuna ujanja mmoja, kuidanganya programu iamini kwamba bado ni mwaka uleule. Akaidanganya. Ikakataa kudanganyika. Hilary, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda nyuma yake, alimwambia ingekuwa ni yeye angekubali mara moja.

Siku zikawa zinakimbia. Maharage yakavunwa, yakapigwa, yakapepetwa, kadi za mwaliko zikagawiwa, na kila baada ya siku mbili tatu Mwalimu alipanda bodaboda kwenda kukaa kwenye kigoda cha Modest. Doreen alipopiga simu kuuliza maandalizi, alimjibu kwaya wanaendelea vizuri. Alisema hivyo mara nyingi kiasi kwamba alianza kuiogopa simu ikilia.

Siku moja Modest akaja na wazo, tena alilisema kwa sauti kubwa kama desturi yake, na kwa bahati mbaya Martha alikuwa dirishani ameleta simu yake iwekwe kioo.

"Mwalimu, hii nyumba kubwa imekataa," Modest akasema. "Dawa ni kukujengea nyumba ndogo."

Lo! Martha akageuka mzima mzima. Mwalimu wa kwaya, mgane wa watu, baba wa bibi harusi mtarajiwa, na nyumba ndogo! Modest alijitetea kwa jasho. Alikuwa na maana ya kompyuta ndani ya kompyuta: ndani ya hii laptop mpya ataiga mashine ya zamani, na Windows yake ya zamani humohumo, imezungushiwa ukuta wake isijue kama nje dunia imebadilika, kisha programu ya noti ataihamishia humo ikae kwa raha. Martha alisikiliza yote, akasema ameelewa, na jioni ile mazoezini kwaya nzima ilitaka kujua nyumba ndogo ya Mwalimu imefikia kwenye lenta au bado. Hilary alinuna. Moyoni lakini alifurahi, kwa sababu tangu Rahel afe hakuna aliyekuwa amethubutu kumtania.

Siku nyumba ndogo ilipokamilika ilikuwa asubuhi ya gulio, mji umejaa. Modest aliwasha. Katikati ya kioo cha laptop pakafunguka kioo kingine kidogo, cheusi, kikakaa hivyo kwa muda. Kisha ukatoka ule mlio, ule wenyewe wa kufungulia, na kikaja kilima cha kijani na mbingu ya bluu.

Hilary alivua miwani. Modest akadhani kuna hitilafu, akauliza kama rangi ziko sawa. Akajibiwa ziko sawa kabisa. Ilibidi asubiri kidogo kabla hajaendelea, maana mzee alikuwa anajifutia macho kwa kona ya koti, naye akajifanya anatafuta bisibisi.

Programu ilifunguka bila ubishi, kana kwamba ilifungwa jana. Ikaja orodha ya nyimbo kwa majina ya herufi kubwa, nane tu kila moja, maana programu ile haikukubali herufi zaidi ya nane. Hilary alijua anatafuta nini. Nyimbo zote za Kiiraqw alikuwa anaziweka kwa majina ya Kiswahili, kwa sababu mashine haitaki mkwaju kwenye jina, ukiuandika inalia na kukugomea. Kwa hiyo wimbo wa Rahel lazima uwe MWANAMKE. Wakateremka orodha yote mpaka M. Palikuwa na MTAKATIF, palikuwa na MSALABA. Wakapanda, wakashuka tena. Wakatafuta kwa RAHEL, kwa HARUSI, kwa BINTI. Hakuna.

Hilary aliondoa macho kwenye kioo. Alikuwa anapanga namna ya kumwambia mtoto. Alijaribu kukumbuka jioni ile walipouandika, akakumbuka hakuwepo. Aliitwa kwenye msiba wa jirani, aliporudi akakuta Rahel ameshamaliza na anakoroga uji. Labda hakuuhifadhi. Labda umeme ulikatika, na yeye kwa upole wake asiseme. Mwalimu alianza kufunga vifungo vya koti.

Modest, asiyependa kukaa bure, alikuwa amerudi juu ya orodha anapanga vitu. Alisoma kwa sauti nyimbo za herufi A, nyingi zikiwa ni Amina za misa, Amina ya Pasaka, Amina ya Kwaresima, vipande vifupi vya kujibia padre.

"Hapa kuna moja ulikosea herufi," akasema. "Umeandika Ameni badala ya Amina. Nikufutie?"

Hilary alikuwa ameshafungua mdomo amwambie afute. Na yeye jina lile alikuwa amelipita kila waliposhuka, analisoma Amina kama mtu yeyote wa kanisani.

"Isome tena," akasema.

"Ameni."

"Usiguse kitu, Modest. Toa mkono hapo." Kisha akalitamka mwenyewe, kutoka chini kooni, kama mama yake alivyolitamka na kama Rahel alivyolitamka. "Ni mwanamke. Ni yeye."

Rahel hakufuata utaratibu wa Kiswahili wa mumewe. Kwenye wimbo wake hakutaka. Aliandika jina kama lilivyo, mashine ikamlilia kwa sababu ya mkwaju, naye badala ya kubishana nayo akauacha, akahifadhi kilichobaki, akaenda kukoroga uji.

Wakaufungua. Zikatokea sauti nne, mistari imejaa. Hilary aliomba ipigwe ya pili peke yake, akasogeza kigoda karibu, akainamisha kichwa.

Ilikuwa ni noti tatu. Mi, mi, mi, inakaa hapo, inashuka re, inarudi mi, inagusa fa kidogo na kurudi tena ilikotoka. Mashine iliipiga kwa ule mlio wake wa bati mpaka mwisho. Modest aliuliza kama programu imekwama. Hilary naye, Mungu amsamehe, alivunjika moyo kidogo. Wiki zote hizi alikuwa anawaza kitu kikubwa. Ndipo akaomba zipigwe zote nne pamoja, na palepale wimbo ukasimama, na akaona kwamba zile nyingine zote zilikuwa zinazunguka huku na huku kwa sababu kuna mmoja aliyekubali kukaa. Aliinakili sauti ya pili kwa penseli nyuma ya kadi ya mwaliko, akaiweka mfuko wa ndani.

Jumamosi iliyotangulia harusi kwaya ilikutana kanisani baada ya chakula cha mchana. Doreen alikuwa ameshuka kutoka Kreta na sweta lake la baridi ya huko, akakaa benchi la mbele kusikiliza. Hilary aliwaambia kina mama sauti ya pili imepatikana, wasishangae ni ndogo. Akasafisha koo, akawaimbia. Mi, mi, mi, re, mi.

Doreen akaanza kucheka.

"Baba, mbona hiyo naijua?"

Akamuuliza ameijulia wapi, na yeye alikuwa bweni miaka ile wimbo ulipokuwa unaimbwa.

"Mama alikuwa anaiimba akikamua. Kila asubuhi, tangu niko mdogo. Mimi nilijua ni ya ng'ombe."

Kwaya nzima ikacheka, na Hilary akacheka nao, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Kila asubuhi. Zizi lilikuwa nyuma ya dirisha la chumba chao. Alikuwepo pale, anavaa viatu, anatafuta chaki, anafoka kwamba nani amehamisha daftari zake, na ule wimbo unapita dirishani miaka yote ya ndoa yake. Yeye, mwalimu wa muziki! Hakuwahi hata siku moja kunyamaza aulize ni nini kile. Uchungu ulimpanda mpaka akaushika ukingo wa benchi, na pamoja na uchungu ikaja furaha ambayo hakujua aiweke wapi, kwamba mtoto anayo, kwamba haikuwa imepotea hata kidogo.

Akamwambia Doreen asimame na kina mama wa sauti ya pili. Doreen akasema tangu lini bibi harusi akajiimbia. Akamjibu leo si harusi, ni mazoezi, na wenzake hawajui namna ya kuishika. Aianze peke yake waisikie, halafu baba yake atakapoushusha mkono wengine waingie.

Doreen akakunja mikono ya sweta, akaangalia chini kama mtu aliyekaa kwenye kigoda cha kukamulia, akaanza. Ilitoka polepole, ya chini, haina haraka ya kwenda popote. Hilary aliinua mkono. Zamu ya sauti ya kwanza ikafika, ikapita, ikafika tena, na mkono wake ulikuwa bado uko juu. Wanakwaya walimwangalia, wakangoja, na hakuna aliyemkumbusha.